Bahasha nne, UTI ile ile: dozi yangu inakosewa wapi?

#1 Binti Uluguru (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja, maana hata kukaa kwenye kiti kwangu leo ni shughuli.

Tangu Januari nimetibiwa UTI mara nne. Mimi ni mtu wa kutunza karatasi, kwa hiyo bahasha zote za dawa ninazo. Nimezipanga hapa kitandani naziangalia kama mtu anayepiga ramli. Nawaandikia zilivyo:

Ya kwanza, Januari, zahanati ya mtaani: Sipro 500, 1x2, siku 5. Flagyl 2x3, siku 5.

Ya pili, Machi, duka la dawa: azithromaisini 500, vidonge vitatu, 1x1.

Ya tatu, Juni, hospitali nyingine: sindano za seftriaksoni, tano, moja kila siku. Hii kusema kweli haina bahasha, ni kikaratasi chenye tiki tano za nesi.

Ya nne, Septemba, duka lingine: Septrin 2x2, siku 5. Hii bado ina vidonge 12 ndani. Msinipige mawe, siku ya pili maumivu yaliisha nikaona niziweke akiba.

Kila dozi napata nafuu, nakaa wiki kadhaa, halafu asubuhi moja naamka mkojo unachoma kama nimekojoa pilipili, naenda chooni mara kumi na kinachotoka ni kijiko. Mkojo umepimwa mara mbili tu kati ya hizo nne. Mara ya kwanza nikaambiwa "una UTI ya kumi", mara ya pili "imepanda, una ya kumi na tano". Ya kumi na tano kati ya ngapi sikuambiwa.

Jana nimekwenda duka kubwa mjini, mfamasia kanihoji vizuri, kanipa nitrofurantoini miligramu 100, kaandika 1x2, siku 5, nimeze na chakula. Nafika nyumbani, jirani yangu mwalimu ananiambia yeye alipewa hiyo hiyo akameza mara nne kwa siku, siku saba. Sasa kati yetu nani kapunjwa? Sijameza hata kimoja mpaka sasa. Wajuzi nisaidieni, na wale wa "nenda hospitali" nimeshakwenda sana.

#2 Babu Kilinge

Mjukuu, hizo hela zote ungenunua kuku. Chemsha ndevu za mahindi, lita moja ya maji, kunywa asubuhi na jioni siku saba. Ongeza majani ya mlonge. Bibi yako hajawahi kujua bahasha ya khaki inafananaje.

#3 Kaunta

Mleta uzi, pole. Nina miaka mingi nyuma ya kaunta ya famasi, na hizo bahasha zako ningeweza kuziandika hata bila kuziona. Swali la jana kwanza, halafu tutarudi Januari.

Hajapunjwa mtu. Nitrofurantoini zipo za namna mbili. Ipo ya kawaida, inayoingia haraka na kutoka haraka. Hiyo humezwa miligramu 50 hadi 100 mara nne kwa siku. Ipo iliyotengenezwa iachie dawa taratibu, mara nyingi ni kapsuli. Hiyo ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, na kwa mwanamke asiye mjamzito mwenye UTI ya kibofu tu siku 5 zinatosha. Uingereza wao wanatoa siku 3. Kwa hiyo chukua boksi lako, usisome jina kubwa, soma maandishi madogo chini yake. Likisema inaachia taratibu, 1x2 yako iko sawa kabisa. Ikiwa ni kidonge cha kawaida, rudi kwa yule mfamasia umuulize kabla ya kumeza, asikwambie mtu wa mtandaoni hata kama mtu huyo ni mimi.

Kwa nini mara nne? Dawa hii inakimbia damu. Chini ya saa moja nusu yake imeshaondoka, inachujwa na figo na kwenda kukaa kwenye mkojo, na kazi yake inafanyika huko huko. Ndiyo maana ni nzuri kwa kibofu na haifai kwa figo: kwenye nyama ya figo haijai vya kutosha. Ukichelewesha kidonge, mkojo unabaki mtupu na wadudu wanapumua.

Sasa ile "1x2" watu wengi wanaimeza asubuhi na mchana kwa sababu ndiyo milo yao. Hapana. Mara mbili ni kila baada ya saa kumi na mbili, na sisi saa zetu za Kiswahili zimeturahisishia: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Namba haibadiliki. Mara nne ni kila saa sita: saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita. Cha usiku kojoa kwanza ndiyo umeze, ili mkojo wenye dawa ukae kibofuni wakati umelala.

Meza umekula. Si kwa ajili ya kichefuchefu tu, chakula kinaifanya dawa iingie vizuri zaidi mwilini. Na usichanganye na zile unga za kuchanganya na maji za "kupoza mkojo". Zinapunguza ukali wa mkojo, yaani asidi yake, na nitrofurantoini inafanya kazi vizuri mkojo ukiwa mkali. Watu wananunua vyote viwili kwa pamoja, na sisi tunauza.

Mkojo utakuwa rangi ya chai ya rangi. Usishtuke.

Maswali yangu: una ujauzito? Una homa, kutetemeka, maumivu ubavuni au kutapika? Una tatizo la figo? Kama kuna "ndiyo" moja hapo, futa yote niliyoandika ukaonwe na daktari leo.

#4 Binti Uluguru

Sina mimba (nimepima), sina homa, mgongo mzima. Boksi linasema kapsuli za kuachia taratibu. Asante sana Kaunta. Sasa nieleze hizo nyingine, maana nahisi unazijua kuliko mimi.

#5 Kaunta

Haya.

Januari. Sipro ni dawa ya nguvu, na kwa UTI ya kibofu kwa mwanamke dozi inayoandikwa vitabuni ni 250 mara mbili kwa siku 3. Wewe umepewa 500 kwa siku 5, kwa hiyo huwezi kusema dozi ilikuwa ndogo. Shida ni kwamba tumeitumia sana, kwa mafua, kwa tumbo, kwa "taifodi", mpaka E. coli, bakteria anayeleta UTI nyingi, wengi wa huku wameizoea. Shirika la Afya Duniani lilipogawa antibiotiki mafungu matatu mwaka 2017, sipro iliwekwa fungu la kuangaliwa kwa jicho kali, nitrofurantoini na Septrin zikawekwa fungu la kuanzia. Na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kwa UTI ndogo isitolewe ikiwa kuna nyingine inayofaa, sababu ya madhara kwenye kano za misuli na neva.

Nikuulize: hiyo sipro ulimeza na nini asubuhi?

Flagyl iliingia hapo kwa mazoea tu. Flagyl inaua vijidudu visivyopenda hewa, na vingine kama trikomonasi. E. coli anaishi penye hewa na pasipo hewa, Flagyl haimgusi. Hiyo "sipro na metro" (metro ndiyo Flagyl) imekuwa kama chipsi mayai, ukitaja moja unapewa na nyenzake.

Machi. Azithromaisini inajaa kwenye nyama za mwili, kwenye mkojo inafika kidogo mno. Inatibu klamidia. UTI ya kibofu haikuwa yake.

Juni. Seftriaksoni inafanya kazi, bila shaka. Ni dawa tunayoitegemea kwa figo, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa watoto wachanga mahututi. Sindano tano kwa kibofu ni kuua sisimizi kwa rungu.

Septemba ndiyo inanichekesha. Septrin 480, mbili mara mbili, ni miligramu 960 kila saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo dozi yake hasa, na kwa mwanamke siku 3 zinatosha. Ulimeza siku mbili ukaacha, yaani ulibakiza siku moja tu umalize dozi halali! Ila hata ungemaliza sina uhakika ingekusaidia, kwa sababu usugu wa Septrin kwetu uko juu sana.

#6 Binti Uluguru

Sipro nilimeza na chai ya maziwa. Kila siku. Asubuhi na jioni.

#7 Kaunta

Nilijua. Kalisiamu ya maziwa inaishika sipro tumboni, haipiti. Unaweza kupoteza karibu theluthi ya dawa. Vidonge vya madini ya chuma na vile vya kutafuna vya kiungulia ndiyo balaa zaidi. Sipro inamezwa na maji, saa mbili kabla ya hivyo au saa sita baada yake. Karatasi ya dawa imeandika, lakini bahasha ya khaki haiji na karatasi.

#8 Fundi Hadubini

Nimesoma kimya, ngoja nitie neno kwa niaba ya maabara, maana hapa lawama nusu ni zetu.

"UTI ya kumi na tano" haipo duniani. Hiyo namba ni chembe za usaha tulizoziona kwenye duara moja la hadubini. Zinatuambia kuna mahali pamekereketa, hazitaji mdudu. Mwanamke mwenye uchafu wa fangasi akikojoa kwenye kikopo bila kujisafisha, naona usaha pia. Nikiona seli nyingi za ngozi humo ndani najua kabisa huu mkojo umepita njiani ukazoa abiria. Ila mgonjwa ameshalipa, daktari anasubiri, naandika namba.

Na mnavyoleta mkojo! Mtu anakojolea kikopo saa kumi na moja alfajiri, anapanda daladala, anapitia sokoni, ananiletea saa tatu. E. coli akiwa kwenye raha yake anajigawa kila dakika 20. Fanya hesabu: hapo yamepita masaa manne, ni mgawanyo mara kumi na mbili, mmoja amekuwa 4,096. Halafu unaambiwa una wadudu wengi.

Dada, wewe ambaye imejirudia mara nne unahitaji kuotesha mkojo, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara wajulikane ni nani. Na bahati nzuri hujameza. Kesho nenda maabara inayootesha, si zote, uliza kwanza. Nawa kwa maji, tenganisha, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, wa mwisho uache. Kabidhi hapo hapo. Ukishakabidhi, meza kidonge cha kwanza ukiwa bado mlangoni, usisubiri majibu ukiwa unaungua. Majibu ni siku mbili hadi tatu, na yatakuja na orodha ya dawa zinazomuua huyo wako.

Kuna utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Maelfu ya watu wenye dalili za UTI walioteshwa mkojo. Walioota bakteria walikuwa kama theluthi moja. Wengine wote walikuwa wanaungua kwa sababu nyingine, na wengi wa aina hiyo huku mitaani wanarudi nyumbani na bahasha.

#9 Sipendi Makuu

Mnazunguka tu. UTI inatokana na vyoo vya kuchangia. Mtoa mada unakaa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja wapangaji sita, hata ukimeza boksi zima utarudi pale pale.

#10 Kaunta

Sipendi Makuu, hii imani inawatesa wanawake mpaka wanabana mkojo kutwa nzima wakiogopa choo cha kazini, na kubana mkojo ndiyo kumlea mdudu. Wadudu wengi wa UTI wanatoka kwenye njia ya haja kubwa ya mtu mwenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20. Safari ni fupi. Tendo la ndoa linawasukuma ndani, ndiyo maana tunasema nenda kakojoe baada ya hapo. Choo hakirushi wadudu.

#11 Mama Watatu

Samahani naomba kuingilia. Mwanangu ana miaka mitatu, analia akikojoa tangu juzi, jana usiku alikuwa wa moto. Nina Septrin ya maji hapa ndani, nimpe vijiko vingapi?

#12 Kaunta

Mama, hapana. Mtoto wa miaka mitatu mwenye homa na maumivu ya kukojoa anapelekwa leo, si kesho. Dozi yake inapigwa kwa kilo zake, na kwa mtoto UTI yenye homa tunaiogopea figo. Funga simu uende. Beba na hiyo chupa ya Septrin waione, hasa imefunguliwa lini.

#13 Nesi wa Mkoani

Asalaam aleikum. Mimi niko Pemba, nina machache ambayo bara huyasahau.

La kwanza, kichocho. Huku kwetu, na hata huko bara kwenye mabwawa na majaruba, mtu anaweza kuchomwa na mkojo na kuwa na damu mwishoni mwa mkojo, akapewa sipro, akapewa Septrin, miaka inakwenda. Yule ni mnyoo, antibiotiki haimtishi. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kawaida ni kwa mkupuo mmoja. Dada angu wa Morogoro, uliwahi kuoga au kufua mtoni? Umewahi kuona damu? Mwambie huyo wa maabara autazame mkojo wako na mayai ya kichocho, na mkojo wa kuyatafutia ni wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, hayo ndiyo masaa yanatoka kwa wingi.

La pili, Kaunta amesema mkojo kuwa rangi ya chai msishtuke. Kweli. Lakini huku mwambao wapo watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ni urithi wa damu za watu walioishi na malaria. Kwao nitrofurantoini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, macho ya njano, unaishiwa nguvu na moyo unakwenda mbio, hiyo si rangi ya dawa tena. Acha, nenda hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo hatumpi mjamzito aliyekaribia kujifungua, tunamwogopea mtoto.

La tatu ni la Ramadhani. Kila mwaka wanakuja wenye dozi ya mara nne, wanameza viwili futari na viwili daku. Khaa! Hiyo si mara nne, hiyo ni mara mbili ya vidonge viwili viwili, mchana kutwa kibofu hakina kitu. Mwambie mtoa dawa kwamba umefunga, akupe ya mara mbili. Na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa, hasa huyu anayetakiwa kunywa maji.

#14 Otis Rongai

Wadau, mimi ni Mkenya, naingia tu. Huku Nairobi daktari alinipea sipro 500 mara mbili kwa siku, wiki mbili nzima. Mimi ni mwanaume, sina homa. Nimefika siku ya nane, tumbo limevurugika na kano ya kisigino inauma nikipanda ngazi. Niendelee ama niache? Watu wa kemisti wananiambia kumaliza dozi ni lazima.

#15 Kaunta

Otis, kano ya kisigino kuuma ukiwa kwenye sipro si jambo la kuvumilia. Usimeze cha leo, pumzisha mguu, mpigie daktari wako sasa hivi. Ile kano inaweza kukatika, na hilo onyo limo kwenye dawa hizi tangu 2008.

Kuhusu wiki mbili: kuna utafiti uliotoka 2021, waliopimwa ni wanaume 272 wasio na homa, kwenye hospitali za maveterani wa jeshi Marekani. Kundi moja lilipewa sipro au Septrin siku 7, jingine siku 14. Wa siku 7 hawakupona vibaya kuliko wale. Kwa hiyo muulize daktari kama zako zilizokwisha zinatosha. Anaweza kuwa na sababu ya kuziongeza, tezi dume kwa mfano, hilo mimi silioni kutoka hapa.

"Maliza dozi" tumeihubiri sana mpaka watu wakadhani dozi ndefu ndiyo dozi bora. Dozi ni ile fupi kuliko zote iliyothibitika kuponya, na hiyo ndiyo unayoimaliza.

#16 Otis Rongai

Nimepiga. Amesema niache, nirudi kesho na mkojo. Shukran mkuu, Mungu akubariki.

#17 Mwana Mjini

Ninyi mnahangaika na vidonge wakati kuna fosfomisini, sacheti moja tu, gramu 3, unachanganya na maji unakunywa unalala. Kwisha habari. Mimi mke wangu hatumii kingine.

#18 Kaunta

Ipo, na ni nzuri kwa asiyeweza kukumbuka vidonge. Unakunywa tumbo likiwa tupu, usiku, umeshakojoa. Ila bei yake unaijua, na haipatikani kila duka. Halafu mwaka 2018 walizishindanisha: wanawake zaidi ya 500 huko Uswisi, Poland na Israeli, wengine nitrofurantoini siku 5, wengine sacheti moja. Baada ya siku 28, waliopona kabisa dalili upande wa nitrofurantoini walikuwa 70 kwa mia, upande wa sacheti 58. Kwa hiyo usimdharau mwenye kapsuli zake kumi.

#19 Babu Kilinge

Mmeongea sana na ndevu zangu za mahindi hakuna aliyezijibu.

#20 Kaunta

Babu shikamoo. Umesema lita moja ya maji asubuhi na jioni, hapo ndipo dawa yako ilipo. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wanapata UTI mara kwa mara na wanakunywa maji kidogo. Nusu waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima. Wao waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Maji matupu, bila ndevu. Kwa kuzuia nakuunga mkono. Kwa mdudu aliyeshaota, hapana.

#21 Babu Kilinge

Marahaba. Sasa umekubali, nenda kalale.

#22 Binti Uluguru

Wakuu, mrejesho.

Nilipeleka mkojo siku ile ile ya pili kama alivyosema Fundi Hadubini, nikameza kidonge cha kwanza pale nje ya maabara na andazi. Mkojo wa mchana nilirudi kuupeleka wa kichocho kama alivyosema nesi, hamna mayai. Damu sijawahi kuona, ila mtoni tulioga sana utotoni.

Majibu yametoka jana. E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita moja. Orodha yake inasema hivi: sipro sugu, Septrin sugu, amoksilini sugu. Seftriaksoni inamuua, jentamisini inamuua, nitrofurantoini inamuua. Nimeikalia ile karatasi nusu saa. Yaani Januari na Septemba nilikuwa nalipia hela ya kumlisha.

Niliuliza kwa nini sindano za Juni zilimuua halafu bado nimerudi. Yule wa maabara kaniambia huenda wa Juni alikufa kweli na huyu ni mwingine, ukoo ule ule, njia ile ile. Ameniambia nisipime tena mkojo nikiwa sina dalili, kwamba bakteria wanaweza kukutwa kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya na hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito na anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Fundi, ni kweli?

Leo siku ya nne. Kuungua kuliisha siku ya pili usiku. Mkojo ni chai ya rangi kabisa. Nimeweka kengele ya simu saa moja na saa moja, mume wangu anaichukia.

#23 Fundi Hadubini

Ni kweli. Na huyo mwenzangu nampa heko, wengi wetu tungekwambia urudi kupima ili tupate hela ya kipimo.

#24 Mama Watatu

Mtoto alilazwa siku mbili, alikuwa na UTI na imepanda. Ameshatoka, anakula. Ile chupa ya Septrin waliitupa palepale, ilikuwa imefunguliwa tangu Pasaka. Asante Kaunta.

#25 Kaunta

Mama Watatu, nimefurahi kuliko unavyodhani.

Binti, maliza kesho usiku, basi. Usiongeze siku "kwa usalama". Ikirudi ndani ya wiki mbili, unarudi na mkojo mwingine wa kuotesha. Ikirudi miezi mitatu baadaye, unaanza upya na hiyo karatasi mkononi. Ipige picha uiweke kwenye simu, ina thamani kuliko hizo bahasha nne. Na zile Septrin 12 usimpe mtu, zirudishe famasi wakazitupe inavyotakiwa.

#26 Binti Uluguru

Umechelewa kidogo. Jirani mwalimu amekuja asubuhi kuziomba, mdogo wake anawashwa akikojoa. Nimemwambia aje na mkojo wa katikati, na asipitie sokoni.